Hesabu Mikono Kwanza: Vidokezo 12 vya Kumtunza Mzee Mjini Lewiston Bila Kufilisika

Dola 5,900 kwa mwezi. Hiyo ndiyo iliyokuwa bei ya kati ya makao ya wazee ya kusaidiwa nchini Marekani mwaka 2024, kwa mujibu wa utafiti wa gharama unaotolewa kila mwaka na kampuni ya bima ya Genworth. Nusu ya makao hutoza zaidi ya hapo, nusu hutoza pungufu. Kwa mwaka ni dola 70,800. Nilipomtajia shangazi yangu wa Morogoro kwenye simu, alinyamaza, kisha akauliza: "Hao wazee wanalalia dhahabu?"

Hapana, shangazi. Wanalala kwenye vitanda vya kawaida, na supu yenyewe haina chumvi. Kinacholipiwa ni mikono: ya kuinua, kuogesha, kufunga vifungo na kukumbusha dawa.

Mikono hiyo naijua kwa sababu miwili ni yangu. Nimeogesha wazee hapa Lewiston, jimbo la Maine, mji usiofikia watu 40,000 kando ya mto Androscoggin. Maine ndilo jimbo lenye wakazi wenye umri mkubwa kuliko yote Marekani, kwa hiyo kazi ya kulea wazee haiishi. Kwenye zamu utakutana na Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda na Msomali aliyejifunzia Kiswahili kambini Dadaab au Kakuma. Tunajua kumgeuza mgonjwa kitandani asipate vidonda. Lakini siku mama yetu mwenyewe anaposhindwa kuinuka, tunaduwaa kama wageni. Haya ndiyo ambayo ningependa mtu angeniambia mapema.

1. Andika siku nzima ya mzee, saa kwa saa

Kabla hujaulizia bei popote, chukua daftari. Siku tatu mfululizo, andika nani alimsaidia mzee, saa ngapi, kwa dakika ngapi. Wataalamu wa hapa hupima mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kujizuia haja, na kula. Usiandike "anasaidiwa kuvaa". Andika: "Saa moja na nusu asubuhi, vifungo na soksi, dakika 15, mkono wa kulia haunyanyuki."

Daftari hilo lina kazi nyingine. Mtathmini wa jimbo akija nyumbani kuamua kama mzee anastahili huduma, atamuuliza moja kwa moja. Na wewe unamjua mzee wako. Sisi tumelelewa kujibu "sijambo" hata tukiwa na homa ya kutetemeka. Mama aliyebebwa hadi bafuni asubuhi ile ile atavaa kitenge kizuri, atakaa wima, na akiulizwa kama anaoga mwenyewe atajibu, "Naoga, mwanangu, nashukuru Mungu." Mtathmini ataandika: hahitaji msaada. Mweleze mama mapema kwamba huyu si mgeni wa kukaribishwa kwa heshima ya uzima, ni mtu anayehesabu shida. Kisha toa daftari.

2. Piga hesabu ya mikono inayokosekana

Sasa gawanya. Mikono gani ipo nyumbani, na ipi haipo? Tuseme wewe unafanya zamu ya usiku na mkeo ya mchana. Jioni mko. Pengo ni saa mbili za kila asubuhi, na siku tatu kwa wiki ambazo mchana hakuna aliye macho nyumbani.

Katika utafiti ule ule wa 2024, mhudumu wa kuja nyumbani alikuwa dola 34 kwa saa, na kituo cha mchana cha wazee dola 100 kwa siku. Saa mbili kila asubuhi kwa siku 30 ni dola 2,040. Siku 12 za kituo cha mchana ni dola 1,200. Jumla 3,240. Bado ni fedha nyingi, lakini si 5,900.

Hesabu hiyo hiyo hugeuka ukiongeza saa. Mzee akihitaji saa sita za mhudumu kila siku, mwezi unafika dola 6,120, umeshapita bei ya makao, na hapo chakula na kodi hujalipa. Akihitaji mtu saa zote 24, ni dola 24,480. Basi kumbuka saa sita kama alama ya njia panda. Chini ya hapo, nunua mikono kidogo kidogo. Juu ya hapo, anza kutembelea makao bila kuona haya. Bei za mtaani kwenu zitatofautiana kidogo na hizi za taifa, kwa hiyo piga simu upate zenu, kisha rudia hesabu.

3. Usichanganye makao ya kusaidiwa na nyumba ya uuguzi

Kwetu yote tunaita "nyumba ya wazee". Hapa ni vitu viwili, na pochi itakuonyesha tofauti yake.

Makao ya kusaidiwa ni chumba au fleti ndogo. Mzee ana mlango wake, anakula ukumbini, anasaidiwa kuoga, kuvaa na dawa. Nyumba ya uuguzi ina wauguzi saa zote, kwa mwenye vidonda, mipira ya kulishia, au aliyelala kabisa. Mwaka 2024 chumba cha watu wawili huko kilikuwa na bei ya kati ya dola 111,325 kwa mwaka, yaani zaidi ya 9,200 kwa mwezi.

Tofauti ya pili ni ya kisheria. Nyumba za uuguzi zinafuata sheria ya taifa ya mwaka 1987 inayotaja haki za wakazi, na tovuti ya Medicare huzipa nyota kuanzia moja hadi tano. Makao ya kusaidiwa hayana nyota hizo, kila jimbo linajiwekea kanuni zake. Kwa hiyo ukiambiwa "sisi ni wa nyota tano", uliza nyota hizo zilitoka mbingu gani.

4. Medicare ni ya matibabu, Medicaid ndiyo ya matunzo

Majina yanafanana kama mapacha, na yalizaliwa siku moja, kwa sheria ya Julai 30, 1965. Lakini tabia ni mbalimbali.

Medicare ni bima ya afya ya wenye miaka 65 na kuendelea. Inalipa daktari, hospitali, upasuaji wa nyonga. Haimlipi mtu wa kumwogesha mama miaka yote iliyobaki. Watu wengi hugundua hili wakiwa tayari wamesimama mapokezi na begi la mama mkononi.

Medicaid, ambayo hapa Maine inaitwa MaineCare, ni ya wenye kipato na akiba ndogo. Hiyo ndiyo hulipia nyumba ya uuguzi kwa muda mrefu, na pia ina mipango ya kuleta huduma nyumbani ili mzee asilazimike kuhama. Majimbo mengi yanataka mtu mmoja asiwe na zaidi ya dola 2,000 za akiba, ingawa nyumba anayoishi na gari moja mara nyingi havihesabiwi. Viwango hutofautiana kati ya jimbo na jimbo, kwa hiyo usijikatie tamaa mwenyewe sebuleni. Acha wakukatalie wao, kwa maandishi, na hata hapo una haki ya kukata rufaa.

5. Hospitalini uliza: "Amelazwa, au anaangaliwa tu?"

Mzee ameanguka kwenye barafu, yuko wodini siku ya nne. Ana kitanda, ana dripu, ana gauni la kufungwa mgongoni. Kwa macho yetu amelazwa. Kwa karatasi za hospitali huenda yuko "chini ya uangalizi", kama mgonjwa wa nje aliyeazimwa kitanda.

Kwa nini ujali? Kwa sababu Medicare ya kawaida hulipia nyumba ya uuguzi baada ya hospitali, hadi siku 100, ikiwa tu mgonjwa alilazwa rasmi siku tatu mfululizo na bado anahitaji uuguzi au mazoezi ya kitaalamu. Siku 20 za kwanza hulipi kitu. Kuanzia siku ya 21 unachangia, na mwaka 2025 mchango ulikuwa dola 209.50 kwa siku. Siku za uangalizi hazihesabiwi kabisa.

Swali ni fupi, jibu lake laweza kugharimu maelfu. Uliza siku ya kwanza, uliza tena ya pili. Ukiambiwa ni uangalizi, mwombe daktari aeleze sababu na kama anaweza kubadilisha.

6. Hesabu miaka ya karatasi kama unavyohesabu umri

Hapa ndipo sisi wahamiaji tunapotofautiana na jirani Mmarekani.

*Mzazi aliyekuja kutembea kwa viza* hana haki ya mipango hii. Mkatie bima ya safari kabla hajapanda ndege. Baada ya kuanguka bafuni ni kuchelewa.

*Mzazi uliyemletea grini kadi.* Mtoto alitia saini hati ya kumdhamini. Hati hiyo haifi mzazi akishatua. Inaendelea hadi awe raia, au zipatikane robo mwaka 40 za kazi. Medicaid ya kawaida humsubirisha miaka mitano. Akifikisha miaka 65 na miaka mitano ya ukaazi mfululizo, anaweza kununua Medicare hata kama hakuwahi kufanya kazi hapa. Mwaka 2025 sehemu ya hospitali ilifika dola 518 kwa mwezi na sehemu ya madaktari ilianzia dola 185.

*Mzee aliyekuja kama mkimbizi* hakuwekewa ile miaka mitano. Lakini posho ya SSI kwa wazee wenye kipato kidogo, ambayo mwaka 2025 ilikuwa hadi dola 967 kwa mwezi kwa mtu mmoja, hukatika baada ya miaka saba asipokuwa raia. Tena sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 imekaza kamba: kuanzia Oktoba 1, 2026 mkimbizi asiye na grini kadi hatakuwa kwenye Medicaid ya serikali kuu. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba grini kadi akitimiza mwaka mmoja. Kama bibi bado hajaomba, weka gazeti hili chini kwanza.

*Uraia.* Wazee wengi huogopa mtihani wa Kiingereza. Mwenye miaka 50 aliyeishi na grini kadi miaka 20, au mwenye 55 aliyeishi nayo miaka 15, hafanyi mtihani wa Kiingereza, na maswali ya uraia anajibu kwa lugha yake kupitia mkalimani. Kiswahili kinaruhusiwa kama lugha nyingine yoyote. Mwenye miaka 65 na grini kadi ya miaka 20 husoma orodha fupi ya maswali 20.

7. Kabla ya kutuma fedha za bati, kumbuka miaka mitano ya nyuma

Mzee anapoomba Medicaid ilipe nyumba ya uuguzi au huduma za muda mrefu nyumbani, ofisi hufungua taarifa za benki za miezi 60 iliyopita. Wanatafuta mali iliyotolewa bure. Dola 15,000 zilizokwenda kupaua nyumba ya kaka Goma au Kigoma ni zawadi mbele ya macho yao. Gari aliloandikishwa mjukuu ni zawadi. Adhabu yake ni miezi kadhaa ya kutolipiwa, ikihesabiwa kwa kiasi kilichotolewa.

Hatusemi usisaidie nyumbani. Nani angetusikiliza? Tunachosema: fedha za mzee na fedha zako zisikae akaunti moja. Tuma kutoka kwako. Ukimlipia mzee kitu, tunza risiti. Akiwa na kiwanja au nyumba ya kupangisha huko alikotoka, itaje. Mali ya nje nayo huulizwa, na kuificha ni kosa kubwa kuliko kuwa nayo.

Jambo jingine ambalo watu hawaambiwi mapema: baada ya mzee kufariki, jimbo linaweza kudai kutoka kwenye mirathi fedha za matunzo zilizolipwa na Medicaid tangu alipofika miaka 55. Kama ana nyumba, mwone mwanasheria wa wazee kabla hujaandikisha jina jipya kwenye hati.

8. Anzia ofisi ya wazee, si kwenye tangazo

Kila eneo la Marekani lina ofisi ya masuala ya wazee inayopata fedha kupitia sheria ya wazee ya mwaka 1965. Kwa Lewiston na wilaya zinazotuzunguka ni SeniorsPlus. Ukiwa mji mwingine, piga namba ya taifa 1-800-677-1116, utaje msimbo wa posta wa mzee, watakuelekeza ya kwenu.

Utaenda kuulizia makao, utarudi na mambo ambayo hukuyafikiria. Chakula cha mchana kinacholetwa mlangoni kwa mwenye miaka 60 na kuendelea asiyeweza kutoka. Mshauri wa kukuchagulia mpango wa Medicare bila kukuuzia kitu. Njia ya kupata msaada wa kulipia joto la nyumba, ambao hapa Maine mwezi Januari unaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kukaa na kuhama. Msaada wa kisheria wa bure kwa wazee. Na vipande vidogo vya maisha: kishikio cha ukutani bafuni, kiti cha kuogea, kitembezi.

Usidharau hivyo vidogo. Nyumba nyingi za katikati ya Lewiston ni ghorofa za mbao zilizojengewa wafanyakazi wa viwanda vya nguo, ngazi ni za kubana na lifti hakuna. Mzee wa ghorofa ya tatu anaweza kuonekana amedhoofika kumbe amefungiwa na ngazi tu. Kuhamia chumba cha chini, kwenye jengo la wazee wenye kipato kidogo, kunaweza kumrudishia miaka kadhaa ya kujitegemea. Foleni ya majengo hayo ni ndefu, kwa hiyo jiandikishe hata kama leo anapanda ngazi.

Zile tovuti za "kukutafutia makao bure" nazo hazifanyi kazi bure. Nyingi hulipwa na makao unayohamia. Zitumie ukijua hivyo.

9. Anayelea nyumbani naye ni mfanyakazi

Katika familia zetu mzigo humwangukia mtu mmoja, aghalabu binti ambaye hajaolewa au mkaza mwana asiye na sauti. Anaacha kazi, anapoteza mshahara, na wengine wanatuma emoji za dua kwenye kundi la WhatsApp.

Majimbo mengi yana mipango ya Medicaid inayoruhusu ndugu alipwe kwa kumlea mzee nyumbani. Maine ina mpango ambao mwanafamilia anajisajili kama mtoa huduma wa jamaa zake mwenyewe. Kuna mafunzo, na kuna kukaguliwa rekodi. Kwa mtu ambaye tayari anaifanya kazi hiyo bure, haya ni mazungumzo ya kuanza wiki hii.

Ulizia pia msaada wa kumpumzisha mlezi: mtu wa kuja saa chache, au mzee kupokelewa kituoni siku moja. Ndugu walio mbali wanaweza kuchangia hapo. Badala ya "tupo pamoja", kila mmoja alipie Jumamosi moja.

10. Mjukuu asiwe mkalimani

Bibi mmoja ninayemfahamu alimwambia daktari kwamba miguu inamwaka moto. Mjukuu wa miaka 11, Kiingereza chake cha shuleni kikiwa safi kabisa, akatafsiri kwamba miguu ya bibi inasikia joto. Daktari akashauri soksi nyepesi. Ilikuwa kisukari kinachokula mishipa ya fahamu, na ilichukua miezi kujulikana.

Hospitali, nyumba za uuguzi na ofisi zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kutoa mkalimani bila malipo. Msingi wake ni sheria ya haki za raia ya mwaka 1964. Sema tu: "Kiswahili, mkalimani tafadhali." Mara nyingi atakuja kwa simu au skrini. Taja ni Kiswahili cha wapi, maana cha Bukavu na cha Zanzibar vinaweza kupishana kwenye majina ya maradhi. Na kuna maneno ambayo bibi hatayatamka mbele ya mjukuu hata maji yamfike shingoni.

11. Kalamu mfukoni kwanza: hati mbili na saini moja

Hati ya kwanza ni ya uwakili wa fedha. Ya pili ni ya kumteua atakayeamua matibabu mzee akishindwa kusema. Zote mbili zinataka mzee awe na akili timamu siku ya kusaini. Akishasahau majina ya watoto, mlango umefungwa, na itabidi muende mahakamani kuomba usimamizi, pamoja na gharama zake na macho ya watu. Wazee wetu husikia neno "hati" wakafikiri unawaandalia kaburi. Anza na yako. Mwonyeshe mama kwamba hata wewe umemwandika mkeo au dada yako, kisha umuulize yeye angemwamini nani.

Saini ni ya pale mapokezi. Nyumba ya uuguzi inayopokea Medicare au Medicaid hairuhusiwi kukulazimisha wewe mtoto kuwa mdhamini wa deni kwa mali yako ili mzazi apokelewe. Unaweza kusaini kwa niaba ya mzee, kutumia fedha za mzee, na uandike hivyo hivyo pembeni ya saini. Mikataba ya makao ya kusaidiwa ni huru zaidi, ndiyo maana isomwe nyumbani na si pale kaunta. Tafuta ada ya kuingia, bei ya kila ngazi ya huduma, nani huamua mzee amepanda ngazi, malipo ya kugawa dawa, nepi za watu wazima, na notisi kabla ya kupandisha bei. Kisha uliza swali la mwisho: fedha zake zikiisha, mtamhamishia Medicaid au mtamhamishia barabarani?

Mambo yakienda mrama baadaye, kila jimbo lina mtetezi wa wakazi wa makao ya wazee. Huduma ni bure, na malalamiko yako hayapelekwi kwa meneja bila ridhaa.

12. Nenda saa moja asubuhi, utazame soksi

Ziara rasmi hufanyika saa nane mchana. Sakafu imeng'arishwa, kuna biskuti. Ukimaliza hiyo, omba kurudi saa moja asubuhi, wakati mikono yote inahitajika kwa mpigo. Hesabu wahudumu na kengele zinazolia. Uliza nani huwa zamu ya usiku, na wamekaa kazini muda gani. Uliza kama mama anaweza kuogeshwa na mwanamke, kama jikoni wanajua chakula halali, kama ataruhusiwa kuletewa sombe au ugali kutoka nyumbani, na mkeka wa kuswalia utakaa wapi.

Usiruke hatua hiyo kwa sababu ya aibu. Najua maneno yanayosemwa: "Amemtupa mama yake kwa wazungu." Anayesema hivyo mpe zamu moja ya usiku, tutaongea asubuhi.

Mimi nilitulia moyo siku moja ya Februari. Kulikuwa na mzee aliyefanya kazi viwandani ujana wake, Mfaransa wa Kanada kama walivyokuwa wafanyakazi wengi wa mji huu. Kiingereza kilikuwa kimeanza kumtoka kichwani, kimebaki Kifaransa cha mama yake. Alikuwa akikataa kuvishwa, anasukuma kila mtu. Akaingia mwenzetu wa zamu, mama wa Kikongo kutoka Bukavu. Akapiga goti mbele ya kiti, akamsalimia kwa Kifaransa, akamuuliza kama baridi ya leo inafikia ile ya utotoni. Mzee akanyoosha mguu. Wakaongea habari za theluji na farasi, soksi ya kwanza ikapanda, ya pili ikafuata.

Ilichukua kama dakika 10. Kwenye karatasi ya bei kitu hicho kimeandikwa "kuvaa: msaada wa mtu mmoja".